Beseni Kavu Chini ya Sinki

Jumatatu, 8 Desemba

Nimeandika "Krismasi Njema" juu ya keki tangu asubuhi mpaka mkono unaandika wenyewe. Mteja mmoja alitaka jina la mumewe, la mama mkwe, la mbwa, pamoja na shukrani kwa bosi — kwenye keki ya ukubwa wa kisosi! Nikamwambia keki si gazeti. Akanuna. Meneja akanikonyeza nimwandikie tu. Nimemwandikia. Mbwa kapata herufi kubwa kuliko mkwe, na hiyo si bahati mbaya.

Nafika nyumbani, mlangoni kasimama mwanamke. Koti la mvua, na mvua hakuna. Sanduku la magurudumu, gurudumu moja linalia kama panya aliyebanwa. Anamuulizia mtoto.

Mtoto gani? Nyumba hii mtoto ni mmoja, binti yetu Nati, na Nati ni fundi bomba kama baba yake, mtu mzima, kaondoka tangu Pasaka.

Mgeni akasema hapana, anamtaka mtoto wake wa ubatizo. Akataja jina la mume wangu. Jina zima, lile la kwenye cheti. Mimi mwenyewe nimelisikia siku ya harusi, basi.

Nikamwita Baba Nati. Akatoka na kipara chake na ovaroli lake. Mgeni akamtazama juu mpaka chini. "Umekua," akasema. Kama vile kosa ni letu!

Halafu mkasa wa salamu. Kwa sura yule ni msichana, uso hauna hata kunyanzi moja. Baba Nati akasema "Habari." Hakujibiwa. Akasema "Hujambo?" Kimya. Tulisimama pale mpaka mzee mzima akameza mate: "Shikamoo." — "Marahaba, mwanangu." Ilibidi niingie ndani nikachekee huko.

Jumanne, 9 Desemba

Naandika nikiwa na akili timamu, na nimekunywa chai tu. Mume wangu ana mama wa ubatizo mwenye miujiza.

Anasema aliombwa na marehemu mama mkwe siku ya ubatizo, na tangu hapo yuko njiani. Watoto wengi, foleni ndefu, zamu ya Baba Nati ndiyo kwanza imefika. Kamletea farasi wa mbao na kaptula ya buluu yenye picha za bata. Baba Nati akasema matapeli wa siku hizi wanajituma kweli. Ndipo yule akachomoa kijiti — si kikubwa kuliko penseli! — akaigusa kaptula. Ikapanuka. Ikawa saizi ya Baba Nati, kiuno na kila kitu. Bata nao wakanenepa.

Namwita Bibi Miujiza, kimoyomoyo. Atakaa mpaka Krismasi. Kila atakachotamani Baba Nati, kama ni cha kiasi, atapata. Jua la Krismasi likizama, anaondoka na fimbo yake. Baba Nati kaulizwa anataka nini kwanza. Kasema pampu. Mtu kaletewa muujiza mlangoni, anataka pampu!

Nilimfuata mgeni jikoni, nikamkuta anakoroga chai kwa fimbo hiyo hiyo. Nikamwambia mimi nataka jambo moja tu: Nati awe nyumbani Krismasi. Akasema vitu analeta, watu hapana. Mtu huja kwa kuitwa.

Basi muujiza gani huo? Hilo hata Nati kaniambia kwenye simu, bila fimbo: "Mama, sitaki kuletwa. Baba aniite mwenyewe."

Na kalala kitanda cha Nati, huyu. Na anakula!

Alhamisi, 11 Desemba

Balaa. Fimbo imeingia kwenye sinki.

Bibi Miujiza aliiacha ndani ya kikombe. Mimi nikamwaga kikombe. Ikateleza, ikasimama wima kidogo kwenye tundu kana kwamba inaniaga, ikazama. Chujio la tundu lilivunjika zamani. Sinki la fundi bomba halina chujio! Mganga hajigangi.

Ila hili haligangwi kwa makusudi. Bomba la chini ya sinki alilifunga Nati. Alitoa la chuma akaweka la plastiki, kona na viungo vyote, siku baba yake yuko kazini. Baba Nati kurudi akasema hilo litavuja kabla mwezi haujaisha — tena mbele ya jirani na wateja. Nati akajibu halivuji ng'o, na lisipovuja, baba atamwomba radhi. Baba akasema aombe radhi kwa sababu ya plastiki? Achukue spana zake aende. Akachukua. Akaenda. Sasa anafunga mabomba kwenye jengo la ghorofa mji mwingine, na huko wanamwita Fundi Mkuu.

Baba Nati akala kiapo kwamba bomba lile hatalitia mkono. Lakini kila jioni anaweka beseni chini yake, lishike matone. Kila asubuhi anainama, anachungulia. Beseni kavu. Tangu Pasaka, beseni kavu! Kisha ananiuliza kwa nini chai haina sukari, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Bibi Miujiza alipoambiwa habari ya fimbo alikaa kwenye kiti, akafumba macho. Alipoyafumbua akaomba mkate mwingine.

Jumamosi, 13 Desemba

Baba Nati kapiga ukelele bafuni. Nikakimbia. Kasimama chini ya bomba la mvua, anatiririkwa na chai. Chai ya maziwa! Tamu! Daktari kamkataza sukari, kumbe mwenzangu moyoni haoti kingine.

Lakini kilichomshangaza si chai. Bomba la maji machafu halikutani na bomba la maji safi, analalamika, povu la sabuni masikioni. Fimbo iingie huku, chai itokee kule? Nani kafunga mabomba hivi? Miujiza anaikubali. Kinachomuuma ni ufundi mbovu.

Kabla hajafunga bomba nilimwona akikinga mdomo.

Jumatatu, 15 Desemba

Bomba la uani limetoa nywele. Nyeusi, za kutosha kichwa kizima. Baba Nati kaziokota haraka haraka, akasema ni za paka. Paka hatuna.

Bibi Miujiza kanieleza. Fimbo inasikia moyo, si mdomo. Kazi yake yeye ni kuchuja — lipi litoke, lipi libaki. Sasa hakuna wa kuchuja, na moyo wa Baba Nati unamwagika tu mabombani. Sijawahi kumjua mume wangu vizuri hivi! Leo asubuhi bomba la bafuni limetoa tai ya shingoni. Kumbe siku zote alitamani tai. Kwa nini hakusema? Ningemnunulia.

Habari nyingine si ya kuchekesha. Fimbo isipotoka kabla ya jua la Krismasi kuzama, Bibi Miujiza hana tena pa kwenda. Atabaki hapa, mtu wa kawaida, na chumba cha Nati kitakuwa chake moja kwa moja. Aliniambia hayo huku akipaka mkate siagi pande zote mbili.

Kwa hiyo bomba lifunguliwe. Nikamwambia Baba Nati. Kasema kiapo ni kiapo: aliyefunga ndiye atakayefungua.

Nikasema vizuri sana, mpigie simu aliyefunga.

Akaenda kusoma mita ya maji. Aliisoma mpaka chakula kikapoa.

Jumatano, 17 Desemba

Baba Nati kaja dukani! Miaka yote hii hajawahi kukanyaga. Kasimama mbele ya kioo cha keki, kofia mkononi, tai juu ya ovaroli. Kaniuliza kama mteja yeyote: neno refu linaenea kwenye keki ndogo?

Nikasema inategemea neno. Neno gani?

Akatazama viatu vyake. Aa, anauliza tu. Akanunua mkate mmoja, akasahau chenji.

"Samahani" ina herufi nane. Inaenea hata kwenye biskuti.

Ijumaa, 19 Desemba

Mabomba yanapiga mluzi.

Tulikuwa mezani. Ulianza jikoni, ukaenda bafuni, ukazunguka ukuta mzima. Na si mluzi wowote. Ni ule wa Nati wa kumalizia kazi, sauti tatu za juu na moja ya chini, anaurudia mpaka unatamani kumtupia kiatu. Kaanza kuupiga mdogo kabisa, akimshikia baba yake tochi. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo la Nati. Alisema ni kadogo, kagumu, na bila kenyewe hakuna kinachoshikana.

Kijiko kikanidondoka. Baba Nati hakuinua uso. Kasema ni hewa. Kuna hewa kwenye bomba.

Nikamuuliza tangu lini hewa ikajua wimbo.

"Hewa tu, Mama Nati." Lakini alikuwa ameacha kutafuna, na alibaki hivyo mpaka mluzi ukaisha.

Jumamosi, 20 Desemba

Siku ya mapumziko. Nimempa Bibi Miujiza kazi, maana asiyefanya kazi na asile — na huyu anakula. Nimempa vitunguu. Kavikodolea macho muda mrefu, akaniuliza vinaanza kujimenya saa ngapi. Nimemhamishia kwenye mti wa Krismasi. Huko kafanya vizuri, ila mapambo yote yako upande mmoja, upande anaokalia yeye.

Nikamuuliza, kwa utani, mama wangu wa ubatizo mimi yuko wapi. Kasema yuko kwenye foleni, niwe mvumilivu. Nina miaka hamsini na moja!

Baadaye nikamuuliza bila utani. Kama fimbo inasikia moyo, na moyo wa Baba Nati unamtaka Nati, si imlete tu? Aliniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kasema fimbo imefika mwisho wake. Imeleta mluzi. Pumzi iliyobaki ni ya mwenye mdomo.

Jumapili, 21 Desemba

Wifi kaja kwa Krismasi, na sanduku kubwa kuliko la Bibi Miujiza. Kaenda bafuni kunawa mikono. Bomba likatema tiketi ya basi! Ya kwenda tu, ya kesho asubuhi, jina lake juu.

Kaja nayo sebuleni kaishika kwa vidole viwili. Kaka yake akasema ni hewa.

Alipomaliza kununa, Wifi akatoa ushauri ambao hakuombwa. Aitwe fundi wa barabara ya pili, yule wa pikipiki, mkono wake mwepesi. Baba Nati akasimama! Fundi kumwita fundi? Bora aoge chai mpaka kufa! Basi mwite binti yako, Wifi akasema, mkaidi wewe, hivi ndivyo ulivyokuwa tangu utotoni. Bibi Miujiza akasema yeye hakuwepo, lakini anaamini.

Mimi sikusema kwamba fundi wa pikipiki hupita mbele ya duka kila siku, na ningeweza kumwita kwa kidole. Halafu? Fimbo itoke, mgeni aende, beseni libaki palepale, na Nati asiitwe tena mpaka lini? Hapana. Fimbo ikae hukohuko. Na bibi mwenyewe nitamlisha, potelea mbali.

Jumanne, 23 Desemba

Nimemkuta Baba Nati bafuni, kakalia ndoo. Mkononi ana buti la mpira. La njano, dogo, la mguu wa kushoto.

Nikalijua papo hapo. Nati alikuwa akiyavaa kumfuata baba yake kazini. Siku moja hilo la kushoto likazama mtaroni, wakarudi nyumbani mtoto anarukaruka kwa mguu mmoja, baba yake naye anarukaruka kwa mguu mmoja ili asijisikie peke yake. Mtaa mzima ulitoka kuwaangalia. La kulia nililihifadhi mimi, sijui kwa nini. Nikaenda kabatini nikalileta, nikaliweka kando ya lile. Pea nzima.

Nikangoja. Akasema hewa —

Nikamkatiza. Nimesema yote. Kwamba mwezi mzima naandika heri za watoto wa watu, na wangu sina hata kipande cha kumpa. Kwamba namkumbuka mwanangu mpaka kifua kinauma. Kwamba habari ya hewa nimeichoka. Kwamba lile beseni, mimi ndiye ninayelipangusa vumbi. Vumbi, Baba Nati! Beseni la kukingia maji linaota vumbi!

Akamwaga maji yaliyokuwa ndani ya buti, polepole, akayaanika yote mawili dirishani.

Jumatano, 24 Desemba

Kapiga simu!!

Nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni, Wifi nyuma yangu, Bibi Miujiza nyuma ya Wifi anatafuna.

Simu gani ile, jamani! Kaanza na kipimo cha kona. Akahamia presha ya maji. Akauliza kule ghorofani wanatumia gundi gani. Gundi! Nimemkanyaga Wifi kwa uchungu. Mwisho akasema kuna hewa kwenye bomba lako. Halafu chini chini, karibu nishuku masikio yangu: "Njoo."

Akakata. Nikatoka nikamuuliza kajibiwa nini. Nati kasema ataona.

"Ataona" ni ndiyo au ni hapana? Bibi Miujiza kasema hajui, watu si idara yake.

Nimeoka keki yetu. Nimeipaka krimu nyeupe, nimeilainisha. Sijaandika kitu. Kwa mara ya kwanza mkono umekataa.

Alhamisi, 25 Desemba

Asubuhi, hakuna mtu. Saa sita, hakuna. Wifi anasema kuku atakauka. Baba Nati kavaa tai, na ndani — najua, maana mimi ndiye ninayefua — kavaa kaptula ya bata. Haachi kwenda dirishani. Kila nikimuuliza, anaangalia hali ya hewa.

Alasiri, hodi.

"Shikamoo, Mama." Nati! Kakonda. Mfuko wa vifaa begani. Nilimkumbatia pamoja na spana zake, zikanichoma mbavu, sikumwachia. Nimelia na sioni haya. Baba yake akasimama nyuma yangu, anavuta tai kama kamba ya mbuzi. Shikamoo, Baba. Marahaba. Umefika. Nimefika. Halafu nini? Akamwambia bomba liko jikoni. Bomba liko jikoni! Kana kwamba Nati hakuzaliwa nyumba hii!

Naandika hapa hapa jikoni, daftari magotini, vinginevyo kesho nitadhani niliota. Jua limeshashuka mpaka ukuta wa jirani. Bibi Miujiza kavaa koti lake la mvua, kakalia sanduku, mkononi kipande cha mkate cha njiani. Wifi kasimama mlangoni, anajifanya anapangusa sahani. Sahani ile ile.

Nati kafungua kabati la chini ya sinki. Kavuta beseni. Kapitisha kidole ndani, kakiangalia kidole. Leo sikulipangusa. Akauliza bila kugeuka beseni hili ni la nini.

La kukingia matone, kasema baba yake.

Matone mangapi, Baba?

Baba yake kavua tai, kaikunja vizuri, kaiweka mezani kando ya keki. Kapiga magoti — magoti yamelia mpaka huku — kaingia naye chini ya sinki. Sasa naona miguu minne tu. Kaomba spana. Nati kauliza ipi. Kasema ile yako. Ile aliyoiita kichezeo wakati wa Pasaka! Wifi kaacha sahani.

Sasa mluzi. Jikoni, bafuni, ukuta mzima. Sauti tatu za juu, moja ya chini. Spana imenyamaza.

"Hiyo ndiyo hewa uliyonipigia simu?" Nati anauliza. Sauti yake si ya fundi tena.

Bibi Miujiza kaacha kutafuna, mara ya kwanza tangu aje.

"Siyo hewa," kasema Baba Nati.

"Ni nini, basi?"

Jua liko kwenye ukingo wa ukuta. Keki iko mbele yangu, bado tupu, nafasi ya herufi nane ipo, na mfuko wa krimu uko karibu. Miguu mikubwa imesogea karibu na midogo. Anakohoa. Anavuta pumzi. Ngoja — anasema —